Mahadhi ya Kihindi, Mizani ya Kimvita: Juma Bhalo na Suala la Kuiga

Utangulizi

Katika mazungumzo ya wataalamu kuhusu nyimbo za pwani ya Kenya kuna hukumu moja ambayo imerudiwa mara nyingi hata ikawa kama kanuni. Hukumu yenyewe ni kwamba mwimbaji anayetwaa mahadhi ya filamu za Kihindi na kuyavisha maneno ya Kiswahili ni mwigaji tu, na kwamba kazi yake, hata ikiyapendeza masikio, haistahili kuwekwa katika daraja moja na kazi ya mshairi. Hukumu hii hutolewa na makundi mawili ambayo katika mambo mengine hayapatani kabisa. Kundi la kwanza ni la wale wanaotafuta sanaa ya Kiafrika iliyo safi, isiyo na doa la ugeni. Kundi la pili ni la wapenzi wa ushairi wa jadi, ambao huona kuwa shairi ni hazina ya hekima na wimbo wa arusini ni pumbao la usiku mmoja.

Makala haya yanakusudia kuipima hukumu hiyo kwa kutazama kazi ya mwimbaji mmoja, marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, na ambaye mashabiki wake walizoea kumwita Profesa. Tutajaribu kuonyesha kwamba suala la kuiga limeulizwa vibaya. Wahakiki wameuliza mahadhi yametoka wapi. Ilivyopasa ni kuuliza yalipofika yalitawaliwa na sheria gani. Dai letu ni kuwa katika nyimbo bora za Bhalo mahadhi ya kigeni huingizwa chini ya sheria ya mizani ya Kiswahili kama vile neno la kigeni linavyoingizwa katika ngeli, na kwamba katika nyimbo zake dhaifu sheria hiyo huvunjwa. Kwa hiyo ubora na udhaifu wake waweza kupimwa kwa vipimo vya ushairi wetu wenyewe, bila ya kumtoza kodi ya uhamiaji.

Zama za kuibuka kwake

Bhalo alipata umaarufu katika miaka ya 1960. Ili kuelewa uzito wa uamuzi wake wa kuimba kwa mahadhi ya Kihindi, yafaa tukumbuke hali ya pwani katika miaka ile. Kati ya 1961 na 1963 watu wa Mwambao walikuwa katika mjadala mkali kuhusu ukanda wa maili kumi: je, ubaki chini ya Sultani wa Unguja, uwe na serikali yake wenyewe, au uunganishwe na Kenya iliyokuwa ikielekea kwenye uhuru wa Desemba 1963? Nyuma ya swali hilo la siasa lilikuwapo swali jingine lililowachoma Waswahili zaidi, nalo ni lile la asili yao. Mswahili aliambiwa na mmoja kuwa yeye si Mwafrika kamili, na mwingine akamwambia kuwa si Mwarabu kamili. Kijana aliyeibuka katika wakati kama huo, akaimba Kiswahili kwa sauti ambayo msikilizaji wa mbali angedhani ni ya Bombay, alijitia katika hatari ya kuitwa mgeni mara ya tatu.

Hata hivyo, sauti ya Bombay haikuwa ngeni Mombasa. Majumba ya sinema kama Regal na Naaz yaliwakusanya watu wa kila kabila la mji, na nyimbo za filamu zilitoka humo zikaenda majumbani, vibarazani na baharini. Filamu ya Awaara ya mwaka 1951 ilipendwa mno katika Afrika ya Mashariki, na vijana wengi waliijua sauti ya Mukesh kabla ya kujua maana ya neno hata moja aliloliimba. Kabla ya sinema zilikuwapo karne za biashara baina ya pwani hii na Gujarati, na kabla ya 1901 reli ya Uganda ilikwisha kuleta maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi. Yeyote aliyekulia Malindi au Mombasa katika miaka ya 1940 na 1950 aliusikia muziki wa Kihindi kama alivyousikia mtaa wa pili.

Jambo hili lina ushahidi katika lugha. Maneno gari, laki, chapati na bima yalitoka kwa majirani hao hao. Hakuna mtaalamu wa lugha anayesema kuwa Mswahili anayetamka neno magari anaiga Kihindi. Neno limepewa kiambishi cha wingi, linakubali udogo likawa kigari, linatawala upatanisho wa sentensi nzima. Asili yake haifichiki, lakini utii wake ni kwa sarufi ya Kiswahili. Hicho ndicho kipimo tunachotaka kukihamishia kwenye wimbo.

Asili ya hiyo asili

Kabla ya kuendelea, ni lazima tulitazame kwa makini hilo linaloitwa la Kihindi. Wale wanaolaumu mchanganyiko hudhani kwamba upande wa pili kuna kitu kizima kisichochanganyika, ambacho mwimbaji wa Mombasa alikivunja kipande akakileta kwao. Sivyo ilivyo.

Tuanze na ala. Harmoniamu, kile kinanda kidogo cha kuvuta upepo kwa mkono ambacho kilikuwa uti wa mgongo wa kikundi cha Bhalo, kilibuniwa Ulaya katika karne ya kumi na tisa, kikapelekwa Bara Hindi, na huko kikapewa umbo la kuchezewa na mtu aliyeketi chini. Tashkota, ambayo waimbaji wa Mombasa waliipenda kwa mlio wake mkali wa nyuzi na vibonyezo, ni chombo kilichobuniwa Japani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Wahindi walikichukua wakakiita kwa jina lao, na Waswahili wakakichukua wakahifadhi jina linalokaribia lile la Kijapani. Pembeni ya ala hizo hupigwa ngoma za namna ya tabla au dumbaki, na tari. Basi kikundi kinachosemwa kuwa kinapiga muziki wa Kihindi, kwa hakika, kinapiga muziki wa bahari nzima.

Na ushairi je? Maneno ya nyimbo nyingi mashuhuri za filamu yalitungwa na washairi wa Kiurdu. Shakeel Badayuni, kwa mfano, ndiye aliyetunga maneno ya nyimbo za Mother India ya 1957 na Mughal-e-Azam ya 1960, na mahadhi yakatiwa na Naushad. Washairi wa namna hii walilelewa katika ghazali, ambayo Kiurdu kiliirithi kutoka Kiajemi, na Kiajemi kutoka Kiarabu. Ghazali ina vina vinavyorudi mwishoni mwa kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na neno au kifungu kinachokaririwa baada ya kina. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hatashindwa kutambua hapa jamaa ya mtiririko wetu wa vina na ya kibwagizo chetu. Nasi vilevile tulipokea kutoka Kiarabu istilahi za mizani, bahari na beti. Kwa hiyo mahadhi ya filamu na shairi la Kimvita vilipokutana katika kinywa cha Bhalo havikukutana kama watu wasiojuana. Vilikuwa kama watoto wa mashangazi wawili waliolelewa katika miji mbalimbali.

Sheria mbili za kuhesabu

Lakini undugu haumalizi tofauti, na tofauti iliyopo ndiyo inayofanya kazi ya mwimbaji kuwa ngumu. Ushairi wa Kiurdu na wa Kihindi huhesabu urefu. Lugha hizo zina irabu fupi na irabu ndefu. Silabi fupi huhesabiwa moja, silabi ndefu huhesabiwa mbili. Mstari ukiwa na nafasi nane za wakati, mtunzi aweza kuzijaza kwa silabi nne ndefu, au kwa silabi mbili ndefu na nne fupi. Idadi ya silabi hubadilika, muda haubadiliki.

Ushairi wa Kiswahili umejengwa kinyume cha hivyo. Sisi huhesabu silabi, na kila silabi ina thamani moja, iwe ni ka au ni ile m ya neno mtu. Muda wa kuitamka huachiwa mwenye kuimba. Idadi ndiyo isiyobadilika, muda ndio hubadilika. Pamoja na hayo Kiswahili kina mkazo ambao mahali pake hapana shaka: silabi ya pili kutoka mwisho wa neno.

Mtunzi anayetaka kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu hujikuta baina ya sheria hizi mbili. Tutoe mfano wa kutunga wenyewe, kwa ajili ya maelezo tu. Tuseme mahadhi yana kifungu chenye nafasi nane za wakati, zilizopangwa fupi, ndefu, fupi. Kisha tena fupi, ndefu, fupi. Hapo zipo sauti sita. Mtu mwenye mazoea ya mizani nane kwa nane ataandika:

Nimekwita hukwitika

Silabi ni nane. Ili ziingie itabidi kila sauti ndefu ipasuliwe iwe mbili fupi. Maneno yataingia, lakini yataingia kwa mbio, na ule mvuto wa pumzi uliokuwa roho ya mahadhi utapotea. Mtunzi mjuzi zaidi atafanya inkisari:

Nakwita hwitiki

Sasa silabi ni sita, na lililo bora ni kwamba zile sauti mbili ndefu zimeangukia kwi na ti, ambazo ndizo silabi zenye mkazo katika maneno hayo mawili. Urefu wa Kihindi umegeuka kuwa mkazo wa Kiswahili. Msikilizaji hasikii tena kwamba kuna sheria mbili. Asikia mtu anayeita na kulalamika. Lakini tuyachukue maneno hayo hayo tuyatie katika kifungu kilichopangwa ndefu, fupi, fupi. Ndefu, fupi, fupi. Hesabu ni ile ile, sita kwa nane, ila sasa urefu umeangukia na na hwi. Mkazo umehama, na maneno yanasikika kama yatamkwayo na mtu aliyejifunza Kiswahili jana.

Mfano huu mdogo unatuonyesha kwamba hesabu ya silabi peke yake haitoshi. Mwimbaji wa namna hii ana kazi tatu kwa pamoja: kutimiza idadi, kugawa muda, na kulinda mkazo. Pia unaonyesha kwa nini lahaja ya Kimvita ilifaa sana kwa kazi hiyo. Kimvita, hasa katika lugha ya mashairi, kina njia nyingi za kufupisha na kurefusha: irabu mbili huungana zikawa moja, viambishi hukunjwa, neno la kale huwekwa badala ya la sasa lililo refu. Inkisari na mazida, ambazo katika vitabu vya shule hufundishwa kama ruhusa anayopewa mshairi aliyeshindwa, hapa ni zana za ufundi zilizokaa tayari tangu zamani.

Mshairi nyuma ya mwimbaji

Haiwezekani kusema juu ya Bhalo bila ya kumtaja jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo. Huyu ni mshairi ambaye tungo zake zilitolewa na Lyndon Harries katika kitabu cha Poems from Kenya mwaka 1966, na ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilihaririwa na Shihabuddin Chiraghdin na kuchapishwa mwaka 1971. Wanafunzi wetu humjua kwa diwani hiyo. Wengi hawajui kwamba mshairi huyo huyo aliyatunga maneno ya nyimbo nyingi zilizoimbwa na Juma Bhalo kwa mahadhi ya Kihindi.

Jambo hili linaivunja hoja ya kundi la pili tulilolitaja, wanaoona shairi ni jambo moja na wimbo ni jingine. Mkono uliotunga ni ule ule. Tena sheria za jadi zenyewe zinakataa utengano huo. Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika si shairi. Katika mabishano ya miaka ya 1970 juu ya mashairi huru, hasa baada ya kutoka kwa Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, watetezi wa jadi walilitumia fundisho hilo kama ngao. Lakini ni ajabu kwamba wengi wao hawakulitumia kama kipimo. Walisema shairi lazima liimbike, kisha wakalisoma kimya kitabuni, wakahesabu silabi kwa vidole. Juma Bhalo na washairi wake ndio waliolitia fundisho la Amri Abedi katika mtihani mgumu kuliko wote: je, shairi lenye mizani na vina laweza kuimbika hata kwa mahadhi ambayo hayakuzaliwa nalo? Jibu la nyimbo zao bora ni ndiyo. Jibu hilo ni sifa kubwa kwa mizani ya Kiswahili kuliko utetezi wowote ulioandikwa katika magazeti.

Tunaweza kuongeza kwamba hata umbo la wimbo wa filamu lilipata makao katika umbo la shairi. Wimbo wa filamu huanza na kifungu kifupi ambacho hurudiwa baada ya kila ubeti. Shairi letu lina kibwagizo. Na pale ambapo kifungu hicho ni kifupi kuliko mistari mingine, mtunzi wa Kiswahili hana haja ya kubuni kitu, maana msuko, wenye mshororo wa mwisho uliokatwa, ni bahari inayojulikana siku nyingi. Mahadhi yalikuja yakakuta kitanda kimetandikwa.

Sauti, uso na fumbo

Katika filamu ya Kihindi anayeonekana akiimba kwa kawaida si mwenye sauti. Mtazamaji wa Awaara amwona Raj Kapoor lakini amsikia Mukesh. Watazamaji wa Mombasa walizoea utengano huo wa uso na sauti, na nadhani mazoea hayo yalimrahisishia kazi mwimbaji wa mji wao. Sauti iliyokwisha kutengwa na uso mmoja inaweza kupewa uso mwingine. Bhalo aliitwaa ile namna ya kuimba, kupanda kwake juu, kutetema kwake mwishoni mwa kifungu, kilio chake kilichozuiliwa kooni, akaipa uso unaojulikana, wa mtu aliyeketi mbele ya watu arusini na kinanda chake.

Ila wimbo ulipoachana na filamu ulipoteza kitu. Katika filamu tunajua nani anamlilia nani, na kwa sababu gani; hadithi yenyewe hutupa maana. Arusini hakuna hadithi. Maneno lazima yasimame kwa miguu yao. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ilijazwa na jambo ambalo ni la Waswahili kabisa, nalo ni fumbo. Wimbo wa mapenzi unaoimbwa Mombasa huwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Kwa mlango wa mbele ni malalamiko ya mpenzi. Kwa mlango wa nyuma huenda ni nasaha kwa kijana, kejeli kwa jirani, au jibu kwa aliyesema jambo wiki iliyopita. Msikilizaji anayelifumbua fumbo husimama akatuza, na kutuza kwake ni uhakiki wa papo kwa papo, maana humwonyesha kila aliyekuwapo ni mstari upi uliomgusa.

Hapa twaona tofauti kubwa baina ya kuiga na kutwaa. Mwigaji huleta maana pamoja na sauti. Bhalo hakuleta maana ya filamu. Aliiacha mlangoni mwa sinema, akaichukua sauti peke yake, akaitumikisha katika desturi ya kujibizana na kufumbiana iliyokuwapo pwani kabla ya sinema kuvumbuliwa.

Upungufu

Uhakiki usiotaja upungufu ni tenzi ya sifa, nasi hatukukusudia kutunga tenzi. Katika nyimbo za namna hii, za Bhalo na za wengine wa Mombasa waliopita njia hiyo kama Maulidi Juma, kuna mahali ambapo mahadhi yameshinda na lugha imeshindwa.

Upungufu wa kwanza ni ule wa mkazo tuliokwisha kuueleza. Mahadhi yanayopendwa sana humvuta mtunzi ayatumie hata kama mpangilio wake wa fupi na ndefu haupatani na Kiswahili. Upungufu wa pili ni kituo. Shairi letu lina ukwapi na utao, na baina yake pana pumziko ambalo halikati neno. Mahadhi ya filamu yana mapumziko yake, na yasipolingana na kina cha kati, neno hupasuliwa sehemu mbili, nusu huku na nusu kule. Wa tatu ni ujazo: pale sauti zinapozidi silabi, hutiwa vijineno visivyo na kazi, au mshangao unaorudiwarudiwa, ili mradi nafasi zijae. Haya ni makosa kwa mujibu wa sheria zetu wenyewe za kutunga, na ndiyo maana tunasema kuwa sheria hizo zatosha kuwa kipimo. Hatuhitaji kumwambia mwimbaji kwamba amekosa kwa kuwa mahadhi ni ya Kihindi. Tunaweza kumwambia kwamba amekosa kwa kuwa amelivunja neno.

Upungufu wa nne ni wa maudhui. Mahadhi ya filamu yanayovutia zaidi ni yale ya huzuni ya mapenzi, na huzuni hiyo huyavuta maneno yaelekee huko huko. Mshairi aliyeandika katika diwani yake juu ya utu, wakati na mauti hujikuta katika wimbo akiambiwa alie tu. Hapa yafaa tumlinganishe Bhalo na marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu. Yeye aliifuata njia ya udi na mahadhi ya Kiarabu na ya kisiwa chake, na katika mahadhi hayo yasiyo na haraka mashairi ya kale ya kiwango cha juu yalipata nafasi ya kupumua. Zein aliyatafuta mahadhi yafaayo shairi. Bhalo mara nyingi alitafutiwa shairi lifaalo mahadhi. Njia zote mbili ni halali, lakini ile ya pili ina mteremko mkali, na mwenye kuipita akiteleza huanguka mbali.

Jina la nani?

Kuna suala jingine ambalo idara zetu haziwezi kulikwepa. Katika kanda zilizouzwa katika maduka ya Mombasa, jina lililoandikwa juu ni la mwimbaji. Mshairi aliyetunga maneno mara nyingi hakutajwa, na mtungaji wa mahadhi aliyekuwa Bombay hakutajwa kabisa. Katika diwani zilizochapishwa mambo yamegeuka: mshairi yupo, mwimbaji hayupo, na mahadhi hayapo. Kila chombo kimehifadhi theluthi moja ya kazi, na kila msomi amejenga hoja zake juu ya theluthi aliyoipata. Asomaye diwani hulalamika kuwa nyimbo ni za kuiga kwa kuwa hakuiona mizani yake. Asikilizaye kanda husifu sauti kwa kuwa hakumjua mshairi.

Hasara hii si ya majina tu. Kanda huharibika. Mahadhi yasiyoandikwa pembeni mwa shairi hupotea pamoja na wale waliokuwapo. Tusipomwuliza leo mzee aliyekuwapo arusini shairi fulani liliimbwa kwa wimbo wa filamu gani, kesho hatutakuwa na wa kumwuliza, na tutabaki na maandishi ambayo vipimo vyake vya ajabu, mara sita, mara tano, mara saba, vitaonekana kuwa makosa ya mtunzi, hali vilikuwa ni utiifu wake kwa mahadhi ambayo sisi hatuyasikii.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tuhuma ya kuiga haimfai Juma Bhalo katika kazi zake zilizo bora, si kwa sababu mahadhi hayakuwa ya kigeni, maana yalikuwa ya kigeni na yeye hakuficha, bali kwa sababu yaliingia katika Kiswahili yakatii. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zake za santuri, aliipeleka Bara Hindi taarabu ambayo alikwisha kuifanya iseme Kiswahili baada ya kuimbwa Kiarabu katika jumba la Sultani. Miongo minne baadaye, sauti ya Bombay ilifanyiwa hivyo hivyo Mombasa. Hii si historia ya watu walioshindwa kuwa na muziki wao. Ni historia ya lugha yenye mfumo wa utungaji ulio imara kiasi cha kuweza kumkaribisha mgeni bila ya kuhama nyumba.

Kila kizazi cha pwani huleta mwimbaji mpya anayechanganya taarabu na jambo jingine, na kila mara kilio ni kile kile cha kupotea kwa asili. Tungependekeza kwamba mhakiki, kabla ya kulia, aulize maswali matatu. Je, mkazo wa neno umelindwa? Je, pumziko la wimbo limeheshimu pumziko la mshororo? Na je, maneno yana maana yao wenyewe, au yamekopa hata maana? Mwimbaji akifaulu katika matatu hayo, mahali alipoyapata mahadhi yake ni habari ya kupendeza ya historia, lakini si kosa. Akishindwa, basi hata akiimba kwa mahadhi ya babu yake aliyezikwa Mvita, atakuwa ameimba vibaya.